Fasihi ilinifundisha kumsikiliza mtu hadi amalize

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala ambao huzuka upya kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa: kijana aliyefaulu vizuri asome fasihi ili iweje? Wanaoitetea huharakisha kutaja ajira. Husema msomi wa fasihi anaweza kuwa mwalimu, mtangazaji, mfasiri, au mhariri kama wewe. Ni kweli, wala sina ugomvi na hoja hiyo. Ila mimi niliisoma fasihi chuoni, kisha nikaajiriwa kuwa afisa utumishi, kazi ya mafaili ya likizo, uhamisho na mashauri ya nidhamu, na sijawahi kulipwa kwa kuchambua riwaya hata moja. Hata hivyo, hakuna somo lililonijenga kama lile. Nataka kueleza lilivyonijenga, kwa sababu naona wanaoibeza fasihi na baadhi ya wanaoifundisha wanakutana mahali pamoja: wote wanadhani faida yake ni ule "ujumbe" unaoorodheshwa mwishoni mwa kila uchambuzi. Rushwa ni adui wa haki. Elimu ni ufunguo wa maisha. Umoja ni nguvu. Mambo hayo mtu huyajua kabla hajafungua kitabu, na kama fasihi ingekuwa na hayo tu, wanaoibeza wangekuwa na haki.

Tulikuwa na mhadhiri wa somo la riwaya, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, ambaye hakuwa na desturi ya kumwambia mwanafunzi kwamba amekosea. Aliuliza tu, "Umeyasoma wapi hayo?" Ukisema mhusika fulani ni katili, anakutaka ufungue ukurasa. Ukishaufungua, anakutaka usome kwa sauti, polepole, uanzie sentensi iliyotangulia na uishie iliyofuata. Mara nyingi msomaji alifika katikati akaanza kupunguza sauti, maana maneno yaliyokuwa kitabuni hayakuwa yale aliyokuja nayo kichwani. Yule mama hakushangilia wala hakucheka. Alimwachia muda, kisha akauliza, "Sasa unasemaje?"

Nakumbuka vizuri zaidi kipindi cha Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Wengi walioisoma wanamkumbuka Rosa kwa jambo moja: msichana aliyelelewa kwa ukali, akafika chuo akapotoka. Wenzangu kadhaa waliingia darasani wakiwa wameshamhukumu. Mmoja alikuwa ameandika kabisa insha yenye kichwa kuhusu anguko la Rosa. Mhadhiri akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akaturudisha nyuma, kurasa nyingi kabla ya chuo, kwenye barua. Rosa bado yuko nyumbani kwao. Ameandikiwa barua na mvulana anayeitwa Charles, na barua hiyo imemfikia baba yake, Zakaria, naye anampiga. Tukasoma sehemu hiyo peke yake. Rosa alikuwa amefanya nini hadi wakati huo? Aliulizwa nini? Alipata lini nafasi ya kusema? Baba alikuwa anaogopa kitu gani, na hofu hiyo imeandikwa wapi? Binti aliyejifunza kwamba barua ya mvulana ni kipigo, atajifunzia kwa nani namna ya kumkatalia mvulana, au hata namna ya kumkubali?

Kipindi chote kiliishia hapo. Hatukufika chuoni kwa Rosa. Mwenye insha akauliza kwa uchungu kidogo, "Kwa hiyo kosa ni la nani?" Mhadhiri akakusanya vitabu vyake akasema tusome sura tatu zinazofuata. Wapo waliotoka wakinung'unika kwamba tumepoteza saa nzima kwenye barua. Mimi nilitoka nikijua kwamba nimeona kitu ambacho sijawahi kukiona mahali pengine: watu zaidi ya thelathini wamekaa kimya kujaribu kuelewa binti mmoja kabla ya kumsema.

Nilikuja kukihitaji kile kitu miaka mingi baadaye, nyumbani kwangu. Usiku mmoja niliingia chumbani kwa binti yangu mkubwa kuzima taa, nikamkuta amepitiwa na usingizi, simu mkononi, na ujumbe wa mvulana uko wazi kwenye kioo. Jicho lilikwisha kuona mistari miwili kabla sijaliondoa. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Sitasema kwamba nilikuwa mtulivu, mzazi yeyote anajua moyo unavyopiga hapo. Lakini aliyenijia akilini hakuwa mama yangu wala mtaalamu wa malezi. Alinijia Zakaria na barua yake mkononi. Nilijua kwa hakika kabisa, kama mtu aliyewahi kuishi katika nyumba ile, kitakachofuata iwapo nitamwamsha mtoto kwa kelele. Nikaichukua simu, nikaizima bila kusoma zaidi, nikaiweka mezani.

Kesho yake tulikuwa tunakunja nguo, yeye upande mmoja wa shuka na mimi upande wa pili. Nikamwambia nimeona kwamba ana rafiki, na ningependa anisimulie habari zake. Alinyamaza muda mrefu sana, shuka tukaikunja na kuiweka, tukachukua nyingine. Halafu akaanza kwa mbali: kwamba huyo kijana anajua sana hesabu, kwamba ana mwandiko mbaya, kwamba anapenda kumchekesha. Niliuma ulimi nisiulize ninachotaka kujua. Tulipofika kwenye foronya ndipo akasema kwamba amemwalika mahali ambapo yeye hataki kwenda, na hajui amkatalie vipi bila kumpoteza rafiki. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima raha wiki nzima. Alikuwa anatafuta maneno. Tuliyatafuta pamoja, akayaandika yeye mwenyewe, akayafuta, akayaandika tena. Urafiki wao ulidumu kwa muda kisha ukaisha wenyewe kama urafiki wa umri ule unavyokwisha. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo, jambo likimtatiza, huja akakaa karibu yangu akatafuta kitu cha kukunja.

Sasa niseme kuhusu kazi, kwa sababu ndiko wengi wasikotarajia fasihi iwe na kazi yoyote.

Shauri la nidhamu linapofika mezani kwa afisa utumishi, huja kwa maandishi. Kuna taarifa ya msimamizi, kuna barua ya mtumishi kujieleza, pengine na maelezo ya shahidi. Yaani ni masimulizi mawili au matatu ya tukio moja, na kila msimulizi ana mahali alipokaa. Mtu aliyesoma riwaya kwa makini hawezi kuyasoma mafaili hayo kana kwamba yameandikwa na hewa. Kwanza atauliza nani anasimulia, alikuwa wapi, ameona kwa macho au ameambiwa, na anataka nimwone mwenzake vipi.

Nitatoa mfano mmoja, nikificha kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu. Mtunza ghala mmoja alituhumiwa kwamba vifaa vimepotea mikononi mwake. Taarifa ya msimamizi wake ilikuwa ndefu na imeandikwa kwa lugha safi. Mtumishi huyu ni mzembe, mkaidi, hana heshima kwa wakubwa, mwenendo wake unajulikana na wote. Nikaisoma mara ya pili nikitafuta tukio. Yule mama wa chuoni angeniuliza, "Umeyasoma wapi hayo?" na nisingekuwa na mstari wa kumwonyesha. Zilikuwa sifa tupu, moja juu ya nyingine, bila kitendo hata kimoja kilichofanywa siku fulani mbele ya mtu fulani. Mwandishi wa riwaya akimtambulisha mhusika kwa njia hiyo, tunasema hajamjenga mhusika, amemtangaza.

Barua ya mtunza ghala ilikuwa nusu ukurasa, mwandiko wa kuhangaika. Lakini ilikuwa na matukio. Asubuhi alifungua saa fulani, akaja fulani akachukua hiki akasaini, akaja mwingine akarudisha kile. Aliisimulia siku yake karibu saa kwa saa hadi mchana. Kisha, bila kuaga, sentensi iliyofuata ikaanza na "Kesho yake". Alasiri nzima haikuwemo. Msimulizi aliyekuwa anatuhesabia kila mteja ameruka nusu siku. Katika riwaya, ukikuta msimulizi wa namna hiyo anaruka, unarudi nyuma na kuweka kidole pale, kwa sababu hapo pana kitu.

Wajumbe wa kamati walikuwa tayari kupiga kura. Niliomba aitwe. Sikumuuliza kama ameiba. Nilimwomba atusomee barua yake mwenyewe kwa sauti, naye akasoma, na alipofika mchana nikamwambia, "Hapo baada ya saa nane, endelea." Alitazama karatasi muda mrefu kama anayetafuta maneno yaliyofutika. Ndipo akasema kwamba alipigiwa simu, mtoto wake amelazwa, akaondoka bila ruhusa na kumwachia mwenzake funguo, naye aliogopa kuliandika hilo kwa sababu alishawahi kunyimwa ruhusa ya namna hiyo. Alikuwa anaficha kosa dogo, na maficho yake yakamfanya aonekane na kosa kubwa. Kamati ilimpa onyo la maandishi kwa kutoroka kazini, na alilistahili. Hakufukuzwa kwa wizi ambao hakuna mstari hata mmoja uliouonyesha.

Nilipotoka kwenye kikao kile nilimkumbuka Karama. Wasomaji wako wa rika langu watakuwa wanamjua: ndiye mshtakiwa katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Majivuno anamshtaki kwa ufasaha mkubwa kwamba ameleta elimu ya uanasheria katika nchi, na kwa kumsikiliza Majivuno peke yake mtu angeona kesi imekwisha. Karama anaomba kujitetea, na utetezi wake ni kusimulia, siku baada ya siku, habari za wajumbe sita waliotumwa mbali kwa faida ya nchi na waliporudi wakaishia kifungoni. Tulipokuwa shule tulikariri kwamba ujumbe wa kitabu ni "umuhimu wa haki". Sawa. Lakini kitabu chenyewe kinafanya jambo gumu zaidi ya kusema haki ni muhimu. Kinamlazimisha msomaji akae kitako asikilize masimulizi sita ya mtu ambaye ameshaambiwa kwamba ni mwovu. Anayeruka habari za wajumbe ili ajue hukumu itakuwaje, amemfanyia Karama kile kile alichotaka Majivuno.

Kuna hadithi fupi moja ya Mrusi Anton Chekhov, ya mwaka 1886, ambayo naichukua kuwa mwalimu wangu wa pili baada ya yule mama. Iona ni mzee anayeendesha gari la farasi mjini. Ni usiku, theluji inamwangukia yeye na farasi wake, na wiki hiyo amefiwa na mwanawe. Abiria wa kwanza ni ofisa wa jeshi. Iona anageuka na kumwambia, "Mwanangu amekufa." Ofisa anauliza amekufa kwa ugonjwa gani, lakini jibu likianza barabara inaingilia kati, na Iona akigeuka tena anamkuta abiria amefumba macho. Wanapanda vijana watatu wenye kelele. Iona anawaambia nao. Mmoja anashusha pumzi na kujibu kwamba sote tutakufa, kisha anamhimiza aongeze mwendo. Baadaye anamjaribu mwenzake, kijana mwendesha gari aliyeamka kunywa maji usiku, naye keshajifunika gubigubi amelala. Mwisho Iona anaenda bandani kwa farasi wake, na huko, mbele ya mnyama anayetafuna nyasi, anasimulia yote.

Kinachonishika kila ninaposoma ni orodha ya vitu anavyotaka kusimulia. Anataka aseme mwanawe alivyougua, alivyoteseka, alichosema kabla ya kufa, alivyokufa. Anataka aeleze mazishi, na safari ya kwenda hospitali kuchukua nguo za marehemu. Nguo! Hakuna anayemletea mfiwa neno la faraja aliyewahi kufikiri kwamba mfiwa huyo ana habari ya nguo anayotaka kuisema. Tunamwambia ajikaze. Tunamwambia kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo ni ya kweli na wengi huyasema kwa upendo, lakini ukisoma hadithi ile unaona namna neno la kweli linavyoweza kutumika kumfunga mtu mdomo. "Sote tutakufa" ni kweli tupu, na yule kijana garini aliitumia ili aachwe aendelee na safari yake.

Jirani yangu alipofiwa na mumewe, nyumba ilijaa watu na maneno mazuri. Nilimwendea tena baada ya watu kupungua, nikamwambia, "Dada, nisimulie tangu alipoanza kuumwa." Alinitazama kama hakunisikia vizuri. Kisha akaanza, na hakuishia. Alinieleza kitanda kilivyokuwa karibu na dirisha, na kwamba mgonjwa aliomba pazia lifunguliwe kisha akaomba lifungwe, kisha akaomba lifunguliwe tena, na yeye akachoka, akamjibu kwa mkato. Pazia hilo lilikuwa limemkaa rohoni tangu siku hiyo. Hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu kila aliyekuja alikuwa na neno la kumpa, wala hakuna aliyekuja na swali. Sikuwa na jibu la pazia. Nilimwomba aendelee tu, na akaendelea mpaka giza likaingia.

Wapo wanaosema kwamba fasihi ya kale haina la kumwambia mtu wa leo, hasa mwanamke, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu jambo hili linanihusu mimi na mama yangu mzazi.

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa kisiwa cha Pate katika pwani ya Kenya, alimtungia binti yake utenzi. Alikuwa mgonjwa. Anamwita binti asogee, asikilize wasia. Anasema maradhi yamemshika hadi yametimiza mwaka, na hakupata kumwambia neno jema. Anamtaka aje mbele, akae, na wino na karatasi, kwa maana moyoni ana hadithi anayopenda kumwambia. Baada ya beti hizo zinafuata nasaha nyingi, na zinazojulikana zaidi ni za namna ya kumtii na kumhudumia mume. Semina yetu ilichafuka siku hiyo. Kundi moja likasema utenzi huu ni mnyororo na usifundishwe. Kundi jingine likasema ni hekima ya wazee na usiguswe. Mhadhiri akatuachia tukachoka, kisha akatuuliza kama tumesoma beti za mwanzo au tumeanzia kwa mume.

Msimamo wangu tangu siku hiyo haujabadilika. Sikubaliani na sehemu kubwa ya nasaha za Mwana Kupona juu ya mume, na sioni haya kusema hivyo. Pia siwezi kusoma ubeti wa maradhi bila koo kukauka. Mama anajua anakwenda. Ana binti. Anampa kinga aliyonayo, kwa dunia anayoijua, naye hakuishi sana baada ya hapo. Kabla ya chuo nilidhani kuna njia mbili tu mbele ya neno la mkubwa, kulitii au kulipinga. Utenzi ule ulinionyesha kwamba mtu anaweza kulisikiliza lote, akalielewa linatoka wapi, akampenda aliyelisema, na bado asilifuate.

Mama yangu alipougua ugonjwa wa mwisho, alianza kunipa nasaha. Nyingine zilikuwa nzuri ajabu. Nyingine zilihusu kuvumilia katika ndoa mambo ambayo mimi nisingevumilia na wala sitamshauri mwanangu ayavumilie. Dada zangu walikuwa wakimkatiza: "Mama, siku hizi sivyo." Naye ananyamaza, anageukia ukutani. Mimi nilinunua daftari. Kila nilipokuwa zamu ya kukaa naye, nilikuwa naandika alivyosema, kwa maneno yake, pamoja na yale nisiyoyakubali. Akisita namwambia, "Endelea, mama." Siku moja aliniuliza kama naandika kweli au najifanya. Nikamsomea. Alisikiliza kwa makini, akasahihisha jina la mtu, akasema kwamba pale nimeruka jambo. Ni kweli nilikuwa nimeruka. Akalirudia, nikaliandika.

Daftari lile lipo. Nitampa binti yangu lote kama lilivyo, bila kuchana ukurasa.

Ushairi nao una fungu lake, ingawa sitarefusha. Tulifundishwa mizani minane kwa minane, vina vya kati na vya mwisho, na wengi wetu tulilalamika kwamba ni pingu kwa mtunzi. Halafu tukasoma Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyotoka mwaka 1973, ambayo mashairi yake aliyatunga kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu alichagua kutunga kwa kufuata arudhi. Nililielewa hilo nilipolazwa baada ya upasuaji na usingizi ukagoma. Nilikuwa nikitunga mstari mmoja kwa vidole, mizani minane, nikiukosa naanza upya, na usiku ukapata kingo za kushikilia. Mashairi yenyewe hayakuwa na thamani kwa mtu mwingine yeyote, na hayakuhitaji kuwa nayo.

Ndiyo maana, ndugu Mhariri, naumia ninapoona vijana wanavyofundishwa fasihi sasa. Mpwa wangu alinionyesha daftari lake la riwaya. Lilikuwa na jedwali: dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, wahusika na tabia zao. Mbele ya jina la mhusika mmoja ameandika: mvivu, mlevi, hana mapenzi ya kweli. Nikamuuliza, kwa mazoea tu, ameyasoma wapi hayo. Akanijibu kwa uaminifu kabisa kwamba ni kwenye mwongozo, kitabu chenyewe hajakiona. Na mtihani atafaulu, simlaumu yeye wala mwalimu wake mwenye darasa lililofurika na nakala chache za kuzungusha. Lakini tazama alichofunzwa. Amefunzwa kupokea tabia ya mtu kutoka kwa mtu mwingine, ikiwa imeandikwa tayari, bila kitendo hata kimoja, akaikariri na kuitetea. Ni ile taarifa ya msimamizi wa ghala. Tunawazoesha watoto kuiandika na kuiamini, kisha tunashangaa wanapokuwa wakubwa wakimhukumu mtu kwa sentensi mbili walizoziona kwenye simu.

Nilimpa mpwa wangu riwaya yenyewe. Tulisoma pamoja kurasa za mwanzo, kwa sauti, kupokezana. Walipofika wageni tulikuwa bado tunabishana kama yule mlevi alikuwa amelewa kweli katika tukio la kwanza, au msimulizi ndiye aliyetaka tumwone amelewa. Mpwa wangu alikuwa amesimama, kidole kiko kwenye mstari.

Kwa hiyo naleta ombi kwa gazeti lako. Mna kurasa za michezo, za siasa, za mapishi na za nyota, na sisemi muondoe hata moja. Naomba mtenge safu ndogo, hata iwe mara moja kwa mwezi, wasomaji waeleze ukurasa mmoja wa kitabu kimoja. Msitake muhtasari wala dhamira. Anayeandika anukuu mistari michache, aseme ameona nini ndani yake ambacho hakukiona mara ya kwanza, na mwenye kupinga aandike toleo linalofuata akionyesha mstari wake. Walimu wa sekondari wanaweza kuwashirikisha wanafunzi wao, na gharama yake ni nafasi ya tangazo moja dogo. Mkikubali, niko tayari kuandika ya kwanza, na nitaanza na barua iliyomfikia Zakaria.

Wako,
Afisa utumishi, msomaji wa siku nyingi wa gazeti hili